Baba Alipochukua Mpira Mkononi Mwangu

Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya mgando hunirudisha mara moja Vårby gård, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, kwenye korido nyembamba ya fleti yetu, ambako glavu yangu ya besiboli ilikaa juu ya rafu ya viatu vya theluji ikisubiri majira ya joto. Baba alijifunza kulainisha glavu kwa mafuta huko Marekani, alikosoma kabla ya kumfuata Mama Uswidi, na mafuta yenyewe yalikuwa yaleyale tuliyopakwa usoni wakati wa baridi. Watoto wengine wa Kikenya tuliokutana nao kanisani walicheza kandanda. Mimi nilirusha mpira mdogo mgumu, kwa sababu Baba alikuwa kocha wa timu ya watoto upande wetu wa kusini mwa jiji, na kwa sababu, niseme ukweli, nilikuwa hodari. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuona haya hata kidogo kulijua hilo.

Wazazi wa Kiswidi waliwaleta watoto wao uwanjani ili wafurahi. Kwao kila mtoto alistahili kucheza kwa zamu, na aliyeshindwa alipigiwa makofi sawa na aliyeshinda. Baba hakuelewa makofi hayo yalikuwa ya nini. Mtoto akikosea alimwambia amekosea, kisha akamwonyesha namna ya kusimama, tena na tena, mpaka jua la Juni ambalo halitaki kuzama likatuchosha sote. Tulimwogopa kiasi, na tulishinda sana.

Ulimi huohuo aliupeleka kanisani kwetu, mtaa wa Spånga. Ilikuwa mwaka 2008, mwaka ambao mgombea urais wa Marekani alikuwa na baba Mkenya, na baada ya ibada ukumbi wa chai uligeuka kuwa ofisi ya kampeni. Wakenya walitembea vifua mbele, Warundi na Wakongo wakawapongeza kana kwamba kuna harusi. Baba akatafuna andazi lake, akasema, "Huyo anaomba kura za Wamarekani. Akishinda atawafanyia kazi Wamarekani. Nyinyi mnangoja nini kutoka kwake?" Mzee mmoja wa Kirundi, baba yake rafiki yangu Divine, akacheka, "Lakini ndugu yangu, si ni damu yenu?" Baba akamjibu kwamba damu haimpi mtu kazi wala haimwongezei akili, na kwamba chama cha mpinzani wa mgombea huyo nacho kiliwadanganya watu wake kuhusu vita vya Iraki, kwa hiyo asije mtu akadhani anakitetea. Kwa maneno machache alikuwa amewaudhi wote waliokuwa ukumbini. Mimi nilijificha nyuma ya birika la chai.

Mwisho wa majira hayo ya joto tulicheza mechi ya kuamua nani aende mashindano ya taifa. Nilirusha tangu mwanzo, na mpaka kipindi cha mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja tu. Hapo mkono wangu ukaanza kuwa mzito, mipira ikaenda kombo, na wapinzani wakajaa kwenye vituo vyote vitatu, tayari kukimbilia pointi. Baba akaja katikati ya uwanja taratibu, akanyoosha kiganja.

"Lete mpira."

"Naweza, Baba," nilimjibu kwa Kiswidi, lugha yangu ya hasira.

"Mkono umeisha. Mpe Divine."

Nilitoka uwanjani nikilia mbele ya watu wote. Niliumia, tena sana. Nilidhani binti wa kocha angeachiwa amalize. Divine, mpole ambaye hata sauti yake ilikuwa adimu, alirusha kama anayetupa nguo kwenye beseni, na mchezo ukaisha tukiwa washindi.

Wiki hiyo wazazi wakaitisha mkutano kuhusu mtoto kutolewa uwanjani akilia, na kahawa na skonzi za mdalasini zikaandaliwa. Baba akaeleza msimamo wake: anayeweza ndiye anayecheza, hata kama aliyeketi benchi ni mwanawe. Akauliza nani ana neno. Wakatazama vikombe vyao. Akarudi nyumbani ameng'aa. "Wamekubali wote!"

Mama, aliyefanya kazi na Waswidi miaka mingi katika nyumba ya wazee, akaacha kusonga ugali, akamwita kwa jina langu kama kawaida yake. "Baba Kerubo, kuna aliyesema ndiyo?"

"Hakuna aliyesema hapana."

"Basi wamekukataa."

Baada ya siku chache yakaja maua ya kumuaga, na shukrani tele kwa yote aliyoitendea timu. Kocha mpya alikuwa mama mkarimu mno. Aliniambia ametambua nilivyoumizwa, akanirudishia nafasi yangu ya kurusha, kwa zamu. Zamu yangu ilifika kama zamu ya kuosha vyombo. Nilirusha vizuri, nikapigiwa makofi. Nilirusha vibaya, nikapigiwa makofi yaleyale. Nikaiacha timu. Nikajiunga na nyingine kaskazini mwa jiji, ambako hakuna aliyenijua, na nikakaa benchi karibu msimu mzima. Baba alinisindikiza kwa treni kila mara, lakini hakumwombea mwanawe lolote kwa kocha yule. Siku nilipoitwa hatimaye, nilijua kwa nini nimeitwa: niliweza.

Sasa nami nina kazi nzuri katikati ya Stockholm, na nimejifunza kusoma ukimya wa mikutano vizuri kuliko alivyowahi kuweza Baba. Wenzangu ni watu wema. Kila ninachofanya wanakiita kizuri sana, na wananipa nafasi, nami nashukuru kwa dhati. Lakini ninapotaka kujua kama kweli nimefanya vizuri, siwaulizi wao. Nampigia Baba simu, namsomea nilichoandika, kisha nasubiri aniambie nilipokosea.