Mafuta kwenye Gurudumu la Mbele

Niliwaambia wote kwamba sitaenda kwenye hizo mbio. Nilimwambia mume wangu, nikamwambia mama yake, nikamwambia hata daktari wa mtoto ambaye hakuwa ameuliza. Gari lile lilikuwa limemeza gereji yetu yote pale Doonside, kigari cha mtoto kinalala barazani kinanyeshewa, halafu mimi naambiwa nivumilie kwa sababu ni gari la historia. Historia ya nani? Mimi nimezaliwa Nakuru, mume wangu Bukavu. Gari lilikuwa la mzee mmoja Mzungu kule Campbelltown, liliundwa hapa hapa Australia kabla sisi hatujazaliwa, na mjane wake alitaka tu liondoke uani kwake.

Mume wangu anaendesha foklifti ghalani, shifti ya asubuhi. Akitoka huko alikuwa anaingia moja kwa moja chini ya lile gari. Aling'oa viti vya nyuma ili liwe jepesi. Akang'oa redio, mazulia na hita. Akaweka injini ya silinda nane, kubwa mpaka ikabidi akate tundu kwenye boneti ili kabureta ipate pa kutokezea. Matairi ya nyuma manene kama magunia, ya mbele membamba kama ya pikipiki. Halina kompyuta hata moja, na hicho ndicho watu wa mbio za kizamani wanachokipenda. Magari mawili yanasimama sambamba, taa zinawaka, yanakimbia robo maili moja kwa moja. Sekunde kumi na mbili hivi, imeisha. Halafu unatakiwa usimame.

Mimi nilikuwa nafikiria hilo la kusimama tu.

Na si kwamba sikujua kitu. Breki zile tulizifunga pamoja, mimi nikiwa na mimba ya miezi saba. Kutoa hewa kwenye breki kunataka watu wawili, mmoja chini na spana, mwingine ndani kwenye pedali. Yeye anasema kanyaga, nakanyaga. Shikilia, nashikilia. Achia. Tulifanya hivyo Jumapili nzima, miguu yangu imevimba kama mikate. Kabla ya kugusa pedi za mbele alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya vyombo, akanieleza kwa nini. Hizi zikipata mafuta, alisema, hazishiki tena. Unakanyaga kama unakanyaga jiwe na gari linaenda tu. Kwa hiyo nilijua. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma.

Alhamisi kabla ya mbio tuligombana mezani. Nilimwambia nitafanya chochote hilo gari lisikimbie. Chochote. Akacheka, akaomba nimwongezee maharagwe.

Sasa, kanisani kwetu gari jipya haliendeshwi kabla halijaombewa. Wakongo, Wakenya, Warundi, tunagombana kuhusu kwaya mpaka tunanuniana, lakini katika hilo tumekubaliana. Kwa kawaida mchungaji anaweka tone moja la mafuta kwenye usukani na tone moja kwenye boneti, tunaimba wimbo mmoja, tunakunywa chai, mtu anachukua funguo zake. Jumamosi ile ya mbio mchungaji alikuwa kazini kwenye makao ya wazee, anawaogesha. Kwa hiyo mama mkwe alikuja yeye mwenyewe saa mbili asubuhi, na akina mama watatu na chupa nzima ya mafuta ya zeituni. Mume wangu alikuwa ameenda kwa jirani kuazima trela.

Tukafumba macho. Mtoto akanivuta hereni, nikafumbua. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la mbele, anaomba kwa sauti ya kutetemeka, na mdomo wa chupa ameuingiza ndani ya tundu la rimu. Anamwaga. Si tone. Akainuka kwa shida, akazunguka upande wa pili, akapiga magoti tena. Pale aliniona namtazama. Nikafumba macho yangu.

Nitaandika nilichofikiria, maana hakuna atakayeniandikia. Nilifikiria hivi: uwanjani kuna wakaguzi. Hawaruhusu gari linalovuja hata tone la mafuta. Wataona, watamrudisha, na si mimi nitakayekuwa nimemrudisha. Nitanyamaza, nitashinda, na mama yake ndiye atakayelaumiwa. Nilifurahi. Nikaenda kumvalisha mtoto, nikasema kumbe nitakuja na mimi.

Uwanja wenyewe uko karibu kiasi kwamba tunausikia tukiwa jikoni. Tulifika, tukalishusha gari, mkaguzi akaja na tochi. Alilala chini akamulika injini na sanduku la gia. Akavuta mikanda, akaangalia kofia ngumu, akafungua boneti. Kwenye magurudumu ya mbele alitikisa tu kuona kama nati zimekaza. Mume wangu alikuwa amesimama kama mtoto anayesubiri cheti. Mkaguzi akabandika karatasi kwenye kioo, akamgonga begani, akaenda kwenye gari lililofuata.

Mpango wangu ulikuwa umeishia pale, na nyuma yake sikuwa na mwingine.

Hata hapo sikusema mara moja. Nilijiambia atahisi mwenyewe akisogea. Lakini kutoka kwenye trela mpaka kwenye foleni ni mwendo wa kutembea, na kwa mwendo ule gari linasimama hata ukilishika kwa mkono. Aliingia kwenye foleni, magari manne mbele yake. Yakawa matatu. Mwisho wa ile njia kuna shimo la mchanga, na nyuma ya mchanga kuna ukuta. Nilikuwa nauona. Mama mkwe na akina mama wake walikuwa wameketi kwenye jukwaa, wametulia kabisa, kazi yao wamemaliza.

Yakawa mawili. Nikaruka kamba iliyozuia watazamaji, mtoto kiunoni.

Rafiki zake wawili wa ghalani walikuwa wamesimama kando ya gari. Mmoja alipiga mluzi, akamwambia, "Bwana, askari amefika. Umeacha vyombo bila kuosha." Wakacheka. Mume wangu hakucheka. Nilipiga kioo mpaka akakishusha.

"Zima gari. Kuna mafuta kwenye breki za mbele."

"Mama Mtoto, toka hapa."

"Mama yako amemwaga mafuta ya maombi ndani ya magurudumu. Yote mawili. Zima."

Alinitazama kupitia lile tundu la kofia. Macho tu, baridi. "Alhamisi ulisema chochote," akasema. "Hii ndiyo chochote?"

Na angefanya nini? Mimi mwenyewe nisingejiamini. Niliinama na kitambaa cha mtoto nipanguse rimu nimwonyeshe, lakini mkono ukanishika. Mama mkwe alikuwa ameniona nikiruka kamba, akanifuata, anahema.

"Hapana pangusa," alisema. "Ile ni maombi."

Gari lililokuwa mbele likaanza kuchoma matairi, yanazunguka papo hapo, moshi ukatufunika wote, mtoto akaanza kulia na mimi simsikii, naona mdomo wake tu umefunguka. Mtu wa uwanjani mwenye fulana ya njano akampungia mume wangu asogee. Nikamtupia mama mkwe mtoto mikononi. Nikaenda kusimama mbele ya boneti, kwenye lile tundu la kabureta, injini inanitikisa meno.

Wa fulana ya njano alikuwa ananipigia kelele kwa Kiingereza, rafiki za mume wangu wananiita kichaa. Sikuwatazama. Nilimtazama mama mkwe, nikamwambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Mwambie. Kama nadanganya, mwambie aende, na mimi natoka."

Alimhamisha mtoto bega hili, bega lile. Mwanamke huyu alimvusha mwanawe mipaka miwili, hajawahi kuomba msamaha mbele ya mkwe, na sasa watu wote wanamwangalia. Akasogea dirishani.

"Nilimwaga, mwanangu. Chupa yote. Ili ikulinde."

Injini ikazimika.

Tulilisukuma kutoka kwenye foleni kwa mikono, mimi, wale marafiki, na akina mama wa kanisa na vitenge vyao, huku watu wengine wakipiga picha. Pembeni alifungua gurudumu moja. Pedi ilikuwa inang'aa kama samaki aliyekaangwa. Aliigusa kwa kidole, akakinusa, kisha akainua uso akaangalia ule mchanga mwisho wa njia. Mama yake alienda kusimama nyuma ya trela, ametugeuzia mgongo.

Nyumbani, mume wangu aliingia gereji bila kula. Jikoni mama mkwe alinipokonya sufuria niliyokuwa naosha, akafunga maji. Akasema polepole, bila ukali, "Uliniona asubuhi. Macho yako ilikuwa wazi. Miye sijuake mambo ya breki. Weye unajua."

Nilinyoosha mkono kufungua maji tena, akauzuia.

"Utamwambia weye, ao nimwambie miye?"

Nikajipangusa mikono nikaenda gereji. Alikuwa ameketi sakafuni, pedi nne zimepangwa kwenye gazeti mbele yake, zote za kutupa. Bila kugeuka aliniambia asante. Alisema hakuna mtu mwingine angesimama mbele ya injini ile. Alisema samahani kwa kunirudishia lile neno langu la Alhamisi.

Ningeweza kuipokea ile asante. Hakuna aliyekuwa anatusikia.

"Nilimwona akimwaga," nikasema. "Nilinyamaza. Nilitaka wakaguzi wakurudishe."

Aligeuka. Uso ulikuwa na grisi mpaka kwenye paji, nikashindwa kuusoma.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi jioni.

"Saa mbili asubuhi," nikamwambia.