Gari la Betri na Ijumaa za Baba

Nilipohitimu chuo cha ualimu na kurudi Tanga kufundisha, jambo la kwanza lililonikera nyumbani lilikuwa kiti cha baba. Miguu yake ilikuwa imepooza nilipokuwa masomoni, na tangu hapo kila Ijumaa wanaume wanne walikuja kwetu Chumbageni, wakapitisha miti miwili chini ya kiti chake, wakakiweka mabegani na kumpeleka msikitini. Wote wanne walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Baba alikuwa amesomesha Kurani barazani kwake zaidi ya miaka thelathini, na watu hao, ambao sasa walikuwa na ndevu na watoto, walianzia alifu mbele yake. Hakuna aliyewaagiza. Walipangana wenyewe, mmoja akiumwa au akisafiri, alimtafuta mwingine aliyesoma katika baraza ile ashike nafasi yake, na nafasi hiyo haikukosa mtu. Njiani walisoma aya, na baba huko juu akawasahihisha kama zamani. Mara nyingine walisimama katikati ya barabara mpaka aliyekosea apatie.

Mimi sikuliona hilo kuwa jambo jema. Chuoni tulikuwa tumejadiliana sana juu ya utu, na katika kitabu kimoja niliona picha ya Mzungu mwenye kofia ngumu aliyejilaza katika machela, wapagazi wanne weusi wakitweta chini yake. Picha ile haikunitoka. Kila Ijumaa niliiona upya mtaani kwetu, ila aliyebebwa sasa alikuwa baba yangu. Nilijiambia kwamba watu wanaodai kujitawala hawawezi kuendelea kupandana mabegani. Nayaandika maneno haya kwa aibu, lakini siyafuti, kwa sababu ndiyo niliyoyaamini, na sehemu yake kubwa naiamini hata leo.

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda Mombasa kwa shangazi. Huko niliona gari dogo la magurudumu matatu, mali ya tanuri moja la mikate, lililokuwa likisambaza mikate madukani asubuhi. Halikuwa na injini ya mafuta. Chini ya sakafu yake zilipangwa betri kumi na mbili, nzito kama mawe ya kusagia, nazo ndizo zilizozungusha magurudumu. Lilipokwenda halikutoa moshi wala kelele, ila mvumo mdogo kama wa nyuki aliyenaswa mtungini. Wenye tanuri walikuwa wamepata lori na walitaka kuliuza. Nilipolitazama nilimwona baba amekaa nyuma, pale palipokuwa pa mikate, habebwi na mtu yeyote. Nikalinunua.

Mzee aliyelitunza kwa miaka yote ile alinipa somo fupi. "Huyu hali," alisema, akilipigapiga bodi. "Hunywa tu. Kila wiki fungua vizibo, utazame maji ya betri, yakipungua, ongeza. Lakini si maji ya bomba, wala si ya kisima. Kama huna maji ya dukani, ya mvua yatafaa, ila uyakinge katika chombo cha kioo au cha udongo. Umenisikia, mwalimu?"

"Nimesikia," nilijibu, nikitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo alilolijua tangu utotoni.

Gari lilisafiri hadi Tanga juu ya lori, kwa kuwa chaji yake isingelifikisha hata nusu ya njia ya mpakani. Ofisini, karani wa kuandikisha magari alitoka nje, akalizunguka mara mbili, akarudi kwenye fomu yake.

"Ukubwa wa injini?"

"Halina injini."

"Basi si gari."

"Lakini linakwenda, bwana."

"Hata punda huenda. Siandiki punda humu."

Nilirudi pale mara nne. Mwishowe alikubali kuiandika namba iliyochongwa kwenye mota, akanigongea muhuri kwa hasira, na gari la Mombasa likawa la Tanga.

Ijumaa ya kwanza wale wanne walipofika na miti yao, walinikuta barazani nimesimama na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa. Niliwashukuru kwa kazi yao ya miaka yote ile, nikasema kwamba kuanzia siku hiyo mabega yao yamepata uhuru. Kisha nikampa kila mmoja ratili mbili za sukari, zilizofungwa vizuri katika karatasi. Mkubwa wao, mchukuzi wa bandarini, mtu mpana mwenye sauti ya upole, aliipima pakiti ile kiganjani, akamtazama baba. Baba alikuwa akitazama magoti yake mwenyewe. "Haya, maalim," alisema yule mchukuzi, "tutaonana huko huko." Wakaondoka na sukari yao. Mimi niliona shukrani nyusoni mwao. Sijui niliiona wapi.

Siwezi kusema kwamba baba alilichukia gari. Alipandishwa, akashika ukingo kwa mikono miwili, akacheka lilipoondoka bila sauti. "Hiki kinanyata kama paka aliyeiba samaki," alisema. Jirani yetu mshona kofia aliinua kichwa kutoka kwenye sindano yake na kupiga kelele, "Maalim! Na huko peponi wanapanda hivi?"

"Peponi sijui," baba alimjibu, "lakini wewe nakuacha hapa hapa."

Kwa Ijumaa saba mambo yalikwenda sawa. Nyumbani hatukuwa na umeme, kwa hiyo kila Alhamisi baada ya masomo nililipeleka gari Usagara, kwenye gereji ya fundi mmoja Kalasinga aliyekuwa na mtambo wa kuchaji betri, na Ijumaa asubuhi nikalifuata. Maji nilitia mwenyewe. Sikuruhusu mtu mwingine kuvigusa vizibo. Shuleni tulikuwa na pipa la chuma lililokinga maji ya paa la mabati, na mvua ya mwaka ule ilikuwa nyingi. Maji ya mvua, nilijisemea, ndiyo maji safi kuliko yote. Hata wanafunzi wangu nilikuwa nimewafundisha hivyo, kwa mchoro wa bahari, wingu na mlima.

Siku moja tu baba alilalamika, na hata hiyo ilikuwa kwa utani. "Gari lako zuri, mwanangu. Lakini halisomi." Nilidhani anadai redio.

Ijumaa ya nane gari lilikuwa zito. Ya tisa, mwanamke mwenye ndoo kichwani alitupita. Fundi alinihakikishia kwamba chaji aliitia kamili, lakini kamili ile haikukaa. Ilivuja humo ndani, sijui ikielekea wapi. Baba yeye hakuwa na shaka. Alisema gari limepatwa na jicho, maana mji mzima ulikuwa ukilitazama. Akaagiza sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, akaiosha sahani kwa marashi ya waridi. Hilo ndilo kombe, dawa ambayo kwetu mgonjwa huinywa, na mimi mwenyewe nilikunywa mara nyingi nilipokuwa mdogo. Akampa mama bakuli lile, akamwambia, "Kwa kuwa nalo hunywa, nalo linyweshwe." Haya yote yalifanyika nikiwa shuleni.

Ijumaa ya kumi gari lilisimama sokoni. Halikukohoa wala kustuka. Lilipunguza mwendo kidogo kidogo mpaka likatulia, baba akiwa nyuma na kanzu yake iliyopigwa pasi, huku adhana ikiendelea. Watu walikusanyika. "Mwalimu, gari limefunga saumu?" mmoja aliuliza, na kicheko kikazunguka. Nilifunua sakafu. Juu ya betri, kuzunguka vizibo, palikuwa na madoa ya manjano, na harufu ya waridi ilinipanda usoni.

Hapo nilisema. Nayakumbuka yote, nami sitayaandika yote. Nilimwambia baba yangu, mbele ya wauza samaki na watu waliokuwa wakiwahi msikitini, kwamba betri si mgonjwa wa pepo. Kwamba kuna elimu ya sahani na kuna elimu ya vitu kama vilivyo, na kwamba yeye ameniulia gari kwa kutozijua tofauti zake. Nilisema ujinga kama huo ndio unaotuweka chini ya watu wengine. Nilitumia neno hilo, ujinga. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Mtu mmoja aliyekuwa karibu nami alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyo ni mzazi," nami sikunyamaza.

Baba alingoja nimalize. Kisha alisema na watu, hakusema nami. "Nirudisheni nyumbani."

"Bado tutaiwahi sala, maalim, tukubebe hivi hivi mikononi."

"Nirudisheni nyumbani."

Walilisukuma gari mpaka Chumbageni. Tulipofika, sala ilikuwa imekwisha.

Jumamosi fundi alikuja na kipimo chake cha tindikali. Alifungua vizibo vyote, kimoja kimoja, bila haraka. Nilimwonyesha madoa ya zafarani. Aliyapangusa kwa kidole, akanusa, akatabasamu.

"Hii iko juu tu, mwalimu. Ndani haikuingia hata tone." Kisha akavuta maji ya betri ya kwanza, akayainua kwenye mwanga. Yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Ya pili vile vile, na ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. "Maji unatoa wapi?"

"Ni ya mvua."

"Mvua unaweka wapi?"

Nilipomwambia habari ya pipa alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Pipa ya chuma. Mwalimu, umenywesha kutu wiki kumi. Chuma ikiingia humu, chaji haikai; inajila yenyewe. Hii betri amekufa zamani. Ijumaa amezikwa tu."

Nilimwuliza kama zinaweza kuoshwa. Hapana. Kama zinaweza kupatikana nyingine. Aliandika barua Mombasa kwa ajili yangu, na jibu likaja kwamba aina ile haiagizwi tena.

Mama alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo. Jioni yake nilimfuata jikoni. "Kumbe hukuyatia ndani."

"Niliogopa," alisema. "Vile vizibo ulivikataza. Nilichovya kitambaa tu, nikapangusa juu."

"Mbona hukusema jana, mama, aliporudi baba?"

"Hukuuliza, mwanangu. Ulikuwa bado unasema."

Nilikwenda kwa baba, nikapiga magoti, nikamweleza habari ya pipa bila kuacha kitu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu, la mwalimu: chuma na udongo vinatofautiana nini kwa maji? Nilimweleza. Alitikisa kichwa, akaonekana ameridhika na jibu. "Radhi nimekupa," alisema. "Lakini Ijumaa nimekosa, na hiyo huna ya kunirudishia."

Ikabaki kuwarudisha wabebaji. Mmoja alikuwa amekwenda Pemba kuchuma karafuu, mwingine amehamia Mwera kulima. Wakati wa zamu yao wangalitafuta wa kushika nafasi zao, lakini zamu niliivunja mimi, na mtu hatafuti mshika nafasi ya kitu kisichokuwapo. Wa tatu aliniambia niongee na mkubwa wao. Nilimkuta bandarini saa ya chakula, ameegemea marobota ya mkonge.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu. Gari halijambo?"

"Limekufa."

"Inna lillahi," alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nilimwomba wamrudie baba, hata kwa muda. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Wewe ulituona wapagazi."

"Sikusema hivyo."

"Ulitupa sukari." Alilipiga robota kwa kiganja. "Mimi wiki nzima nabeba hizi, nalipwa. Saa moja tu ya Ijumaa nilikuwa nabeba kitu changu, na somo langu juu yake. Ukaja na karatasi zako ukailipa na hiyo. Mke wangu akaniuliza, kumbe mna ujira?"

Nilimwambia kwamba nilidhani nawatua mzigo. Alisema anajua; ndiyo maana hakunitukana. "Lakini siji kwa kuitwa na wewe, mwalimu. Maalim mwenyewe akiniita, nitakuja hata nikiwa na homa."

Nilirudi mbio, nikidhani nimeshinda. Baba alinisikiliza, akatazama pale barazani ambapo walikuwa wakiegemeza miti yao.

"Sijapata kuwaita," alisema. "Walikuwa wakija."

"Basi waite mara moja tu, baba."

"Nikiwaita, nao wakaja, nitajuaje?"

Sikumuuliza atajuaje nini. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Nilijitolea kumbeba mgongoni mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyejibu swali la juzi, akaomba maji ya udhu.

Tangu hapo amesali adhuhuri nyumbani kila Ijumaa. Mimi huenda msikitini peke yangu, watu wakinitazama, na mwanzoni niliporudi alikuwa akiniuliza hotuba ilihusu nini. Nilimsimulia neno kwa neno. Nilijifunza kukariri kwa ajili hiyo, zaidi kuliko nilivyopata kujifunza chuoni. Alisahihisha aya nilizozinukuu vibaya, na mara moja alimcheka hatibu. Ijumaa tatu tulifanya hivyo. Ya nne niliingia, nikaketi karibu naye, nikangoja. Aliitika salamu yangu, akasema jua la leo ni kali, huku akitazama pale ilipokuwa ikiegemezwa miti, na habari ya hotuba hakuniuliza.