Siku Niliyohubiri Makombora Maktabani

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo nikipita mbele ya maktaba ile ya Fairfield, hapa Sydney, navuta kofia usoni, na mke wangu akiniona nimekaa kimya mno huniuliza, "Papa Neema, umeikumbuka tena ile siku?" kisha anaanza kucheka kabla sijajibu, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Sifa, maana yule huongeza chumvi (ingawa kisa hiki, kusema kweli, hakihitaji chumvi).

Kazi yangu mnaijua: napakia kuku kwenye chumba baridi cha ghala, nimevaa kama mtu anayekwenda mwezini. Lakini Jumapili mimi ni mtu mwingine kabisa. Kanisani kwetu Mount Druitt, akija mhubiri wa Kiingereza, mkalimani ni mimi, na ukalimani wa kanisani mnaujua ulivyo: mhubiri akiinua mkono nawe unainua, akiruka unaruka, akilia unatafuta kitambaa, na mkalimani akipoa, ibada nzima imepoa. Watu wakanisifu mpaka kichwa kikavimba, nikaomba kazi kwenye ofisi moja ya wakalimani, kazi ya kukaa kwenye kiti penye joto. Wakasema sawa, tutakupima siku moja mbele ya watu, ukifaulu tunakuingiza kwenye orodha. Nami bila aibu nikawatangazia wote ghalani kwamba kuku wao wajitafutie baba mwingine.

Basi, wazee wetu wana kikundi chao, hukutana Jumatano maktabani kunywa chai. Siku zile televisheni ilikuwa imejaa habari za nyambizi na nyuklia, na wazee hawa, watu waliokimbia vita Kivu kule Kongo si mara moja si mbili, walishikwa na wasiwasi. Mama Sifa aliniuliza, "Papa Neema, ile vita itatufuata mpaka huku? Miye mizigo sifunge tena, nimechoka." Dada anayesimamia kikundi akamwalika mzungu mmoja mzee, Bwana Ron, aliyewahi kutumika kwenye kamandi ya silaha za nyuklia ya nchi moja kubwa kabla hajaoa huku Sydney, aje awaeleze mambo hayo taratibu ili watulie. Mkalimani nikapangwa mimi. Mpimaji wangu, Bi Helen wa ile ofisi, akakaa nyuma na fomu yake, na kabla hatujaanza akanionya: usiongeze neno, usipunguze neno, na usiondoke kwenye kiti.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Bwana Ron ana sauti ya mtu anayesoma karatasi ya maelekezo ya dawa. Akasema kamandi ile ina mikono mitatu, yaani nyambizi zilizojificha baharini, ndege, na makombora yaliyofukiwa ardhini, yote chini ya mkuu mmoja, na huyo mkuu naye hawezi kurusha hata moja mpaka rais mwenyewe atoe amri. Nikatafsiri kwa sauti ya chini vilevile. Mzee Bahati akasinzia. Mama Sifa akaanza kumenya chungwa. Na mimi, ndugu zangu, mtu akisinzia ninapotafsiri naumia kama nimetukanwa.

Ndipo Bwana Ron akasema yeye alikuwa akikaa chini ya ardhi na mwenzake mmoja, kila mtu na ufunguo wake, na matundu ya funguo hizo yaliwekwa mbalimbali makusudi, ili mtu mmoja asiweze kuzungusha zote mbili peke yake. Nikaona neno hilo ni zuri mno, haliwezi kusemwa mtu amekaa. Nikasimama (kosa lenyewe lilianzia hapo, kusimama tu) nikasema kwa sauti ya Jumapili, "Mtu mmoja hawezi!"

"Amina!" akaitikia Mzee Bahati kutoka usingizini, kwa mazoea.

Amina ile ndiyo iliyonimaliza. Na haikunimaliza mimi peke yangu, maana Bwana Ron naye, ambaye nadhani hajawahi kuitikiwa tangu azaliwe, alinyoosha mgongo na sauti ikapanda. Akainua kidole, nikainua kidole. Akatembea kushoto, nikamfuata nyuma. Akagonga meza mara tatu kuonyesha kengele ya hatari ilivyokuwa, nami nikagonga mara tatu, chai ya Mama Sifa ikamwagika na wala hakuitazama. "Kazi yetu," akasema, "ilikuwa kuhakikisha kazi yetu haifanyiki kamwe. Silaha ile ukiitumia, umeshindwa. Ipo ili adui afikiri mara mbili, akae kwake." Nikapaza sauti, "Adui akae kwake!" Chumba kizima kikajibu, "Akae kwake!" Mzee Bahati sasa alikuwa anaipiga meza kama ngoma, kina mama wamesimama, na nilipomtupia jicho Bi Helen nikaona ameacha kuandika, nikadhani ameguswa.

Bwana Ron akafika kwenye siku ambayo kengele ililia na wao hawakujua kama ni zoezi au ni kweli. Akasema alishika ufunguo wake, akamtazama mwenzake, mwenzake akamtazama, wakasubiri neno la kuthibitisha amri, na neno halikuja. Lilikuwa zoezi. Akanyamaza, macho yamelowa. Nami nikatoa kitambaa, nikajifuta, na hapo mdomo wangu ukaenda wenyewe kule unakokwenda kila Jumapili mhubiri akinyamaza namna hiyo: "Nani leo anataka kuuweka ufunguo wake chini? Usione haya, njoo mbele, uweke hapa mezani!"

Bwana Ron hakusema hivyo. Bwana Ron hakuwa amesema kitu.

Wakaja. Mama Sifa alitangulia, akaweka funguo za nyumba yake mbele ya Bwana Ron na kuinamisha kichwa. Mzee Bahati akafuata, kisha wote, wanaimba, na kufumba na kufumbua meza imejaa funguo za milango, za magari, za masanduku ya barua, na katikati yake Bwana Ron kazungukwa na wazee waliofumba macho wakingoja kuombewa. Akaninong'oneza, "Kwa nini wananipa funguo zao?"

"Hilo la funguo," Bi Helen akauliza kutoka nyuma, taratibu kabisa, "nani amelisema?"

Ilinibidi niwaambie wazee kwa Kiswahili kwamba lile neno la mwisho lilikuwa langu. Niliona aibu, natamani ardhi ipasuke nikakae na yale makombora. Mama Sifa akafumbua jicho moja. "Kumbe? Basi ndio ilikuwa neno nzuri kupita zote." Kisha akamgeukia Bwana Ron. "Umuulize sasa. Vita inakuja ama haiji?"

Nikarudi kwenye kiti, nikatafsiri bila kutikisa hata nyusi. Bwana Ron akafikiri. Akasema hawezi kumwahidi, ila jambo moja analijua: siku ile yeye mwenye ufunguo aliogopa kuliko mtu yeyote duniani.

"Kama na wao wanaogopa," akasema Mama Sifa, "basi leo nitalala."

Yeye hakulala mapema, maana jioni ilikuwa haijafika akanipigia simu: "Papa Neema, nafungua, nafungua, mlango inakataa!" Alikuwa amechukua funguo za Mzee Bahati. Nikapanda treni mpaka Macquarie Fields kwa Mzee Bahati, nikamkuta amekaa kwenye ngazi zake na funguo za Mama Sifa mkononi, anacheka mpaka anakohoa, nikageuza safari yote ile hadi Mount Druitt kwa Mama Sifa, kisha nikamrudishia Mzee Bahati zake, nimevaa suti yangu ya mtihani.

Fomu ya Bi Helen ilikuwa fupi: "Ameongeza. Ameondoka kwenye kiti. Ameanzisha ibada." Nikafeli, nikarudi kwa kuku, na kuku walinipokea vizuri kuliko wenzangu. Lakini Bwana Ron alipiga simu ofisini mwenyewe, akawaambia amezungumza kwenye kumbi nyingi na watu hawajawahi kusimama kwa ajili yake ila wakitaka kuondoka, wanipime tena tafadhali. Wakanipima tena, mazungumzo ya meno ya bandia, nikakalia mikono yangu yote miwili, nikafaulu.

Sauti ya Jumapili ninayo bado, sikuitupa, ila nimeiwekea utaratibu wa Bwana Ron: ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao Mama Neema, na mtu mmoja hawezi. Wiki iliyopita nilikuwa natafsiri maelezo ya mapipa ya taka, lipi ni la chupa, lipi la majani, watu wanapiga miayo, nikaisikia inapanda kifuani. Wakati wa chai nikamwandikia mke wangu: niruhusu dakika mbili tu, wanasinzia. Akajibu hapohapo, neno moja.

"Kaa."

Nikakaa.