Mheshimiwa Mwenye Miguu Mikavu

Sikuwahi kufika katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam. Kwa hiyo yale yanayosimuliwa hapa kijijini Vudee kuhusu mwenzetu aliyeteuliwa na Gavana kuingia humo, kwamba alimnyamazisha Mzungu kwa Kiingereza ambacho Mzungu mwenyewe hakukielewa, au kwamba alisinzia katika mjadala wa mkonge akaamka akiunga mkono hoja, siyaandiki kama habari. Nimeyasikia kwa watu ambao nao hawakuwapo. Ninayoyaandika ni ya asubuhi moja kwenye ndiva yetu, ambako nilisimama karibu naye kiasi cha kumshikia koti.

Kabla hajateuliwa tulifundisha pamoja shule ya misheni. Alikuwa mtu mwema, msomaji, aliyependa kuzungumza kuliko kula. Shamba lake na langu yalinyweshwa na ndiva moja, yaani bwawa la udongo na mawe linalojaa usiku na kufunguliwa mchana. Baragumu lilipopigwa, kila mwenye shamba alipaswa kufika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Asiyefika alifungiwa mfereji mpaka azoe fungu lake. Mke aliruhusiwa kumshikia mume nafasi ikiwa mume ni mgonjwa, basi.

Msimu ule baragumu lililia mara nyingi naye yuko Dar es Salaam. Mkewe akawa anakwenda badala yake, mpaka mzee wa ndiva alipomuuliza mbele yetu kama mumewe anaumwa.

“Sidhani, baba,” alijibu. “Barua ya mwisho alisema chakula cha huko ni kizuri.”

Mfereji wao ukafungwa siku ileile. Mahindi yao yalikuwa yanatoa mbelewele, na hakuna mkulima asiyejua maana ya kukosa maji wakati huo: ni kukosa chakula cha nyumba nzima. Majani yalikwisha kujikunja Mheshimiwa aliposhuka kwenye treni Same na kupanda mlima. Mkewe hakumpa nafasi ya kupumzika. Alimwonyesha shamba kwanza, kiti baadaye.

Kesho yake asubuhi alikuja kwenye ndiva amevaa suti, na viatu ambavyo, kwa namna nisiyoielewa hadi leo, bado viling’aa. Mfukoni mwa koti alikuwa na hotuba aliyoiandika. Akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakohoa, akaanza kueleza kwamba mtu anayewasemea Wapare wote mbele ya serikali hawezi kuhesabiwa kama mtoro. Mzee alimsikiliza kidogo, kisha akainama kuangalia viatu.

“Mwanangu, miguu yako ni mikavu.”

Hapa lazima nieleze. Kwenye ndiva yetu hakuna aliyeruhusiwa kusemea maji akiwa amesimama pakavu. Aliyekuwa na neno alishuka topeni kwanza. Wazee walioweka utaratibu huo hawakutaja sababu, lakini tope la Vudee asubuhi lina baridi kali, na sijapata kusikia hotuba ndefu ikitolewa humo. Mheshimiwa aliujua utaratibu tangu utoto wake. Nadhani alikuwa ameuacha mahali fulani baina ya Korogwe na Dar es Salaam.

Aliomba hadhi ya Baraza izingatiwe. Mzee akamuuliza iwapo mtu anaweza kusema katika Baraza hilo bila koti na tai. Alikiri kwamba hawezi.

“Basi kila baraza na vazi lake,” akasema mzee. “La hapa ni tope. Shuka, tunakusubiri.”

Alinikabidhi koti, akavua viatu na soksi, akakunja suruali kwa uangalifu mkubwa na kushuka. Alianza vizuri, kwa kuwashukuru waliohudhuria. Alipofika kwenye wajibu wa mwakilishi, tope lilikuwa limempanda magotini, na sauti yake ikaanza kutetemeka. Mtu mmoja nyuma yangu aliuliza kwa upole kama hoja hiyo inaungwa mkono. Nilimkemea, ingawa nami nilikuwa nimeuma midomo nisicheke.

Mheshimiwa aliyaangalia mahindi yake kule chini, akamwangalia mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na jembe mapajani.

“Mama watoto,” akasema, “nipe hilo jembe.”

“Nilidhani hutaliomba,” akasema mkewe, akampa.

Alizoa fungu lake peke yake mpaka jua likawa kali. Alizoa vizuri pia. Mikono haikuwa imesahau. Mzee akafungua mfereji, nasi tukayafuata maji.

Husemwa kwamba baada ya siku ile hotuba zake Dar es Salaam zilikuwa fupi, na kwamba serikali ilizipenda zaidi. Sikuzisikia. Nilichokiona ni maji kuingia mstari wa kwanza wa mahindi, yakanyweka mara moja kwa jinsi ardhi ilivyokauka, kisha yakaingia wa pili. Nilichokiona pia ni Mheshimiwa kufika mlangoni kwake na mkewe kumzuia kwa mkono mmoja, akimwelekeza arudi mferejini kunawa. Alirudi akanawa. Nilimpa koti lake, na hotuba ilikuwa mfukoni bado, haijafunguliwa.

Akaingia ndani, mlango ukafungwa.