Ghati, Mtumie Bhoke Hiyo Kazi

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani Mugumu, enzi zile vijana wenye nguvu wote wamekimbilia dhahabu Tarime, nami nimebaki na digrii na laptopu, nachambua vinasaba vya vimelea vilivyokuwa vikiua ndama wetu. Mwanangu, nimekuzidi miaka michache tu, lakini niache nikuite hivyo, maana umenichosha.

Bhoke, binti wa shangazi yangu kule Isebania, ndiye aliyejua kuandika programu za uchambuzi huo. Tulikuwa tunaomba nafasi mbili za mafunzo katika maabara moja, na walitaka kazi ya pamoja. Mwisho wa kuipokea ulikuwa jioni ile. Bhoke alikuwa ananisubiri. Sehemu yangu ilikuwa tayari wiki nzima, sijaituma. Akikuta kosa? Akiichukua akaenda nayo peke yake? Na kama haina kosa, mbona imetoka kirahisi?

Mjomba Marwa alikuwa amerudi kutoka machimboni kupumzika. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, mpaka uji wake ukapoa.

"Ghati, umemaliza?"

"Bado, Mjomba. Kuna jambo lingine."

"Liache huko huko. Mimi nashuka shimoni, kamba ameishika mtu niliyegombana naye jana yake kwa ajili ya ugoro. Wewe unaogopa dada yako ataona kosa?"

"Huenda likawa kubwa."

"Kama ni kubwa, si ndiyo alione mapema? Tuma, mama, ninywe uji."

Nikatuma. Na kosa lilikuwepo, tena kubwa: nilikuwa nimechanganya sampuli za ndama wa Natta na za wale wa Kenyamonta. Bhoke akanicheka, akalisahihisha, kisha akaniomba nimweleze ule ugonjwa, maana ng'ombe kwake ni mchuzi tu. Jioni tukapeleka kazi yenye majina mawili. Tukapata nafasi zote mbili.

Sasa wewe kila nikikuuliza kazi yako iko wapi, unajibu, "bado naiweka sawa." Kidole kimoja hakivunji chawa; methali hii umeiimba tangu darasa la pili, sijui ulidhani inawahusu akina nani.

Onyesha kazi yako ingali mbichi. Aliyekusaidia, andika jina lake, hata akiwa mdogo wako. Ukipata nafasi, mvute mwenzako kabla hajakubembeleza. Na wakubwa watakaokufundisha kuficha kazi, waamkie kwa heshima, upite.

Mungu akupe wenzako wanaokosoa bila kudharau, na akupe usingizi.