Kikombe Kilichowekwa Mkekani

Hunichemsha damu mtu akiniuliza watumwa waliasi kwa nini, na hali walikuwa wakila na kuvaa. Ngoja nikwambie!

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, tumetoka Unguja na roho zetu tu, akatupokea shangazi wa baba, nami nikimwita bibi. Wallahi alikuwa karimu. Lakini jikoni kwake mlikuwa na mama mmoja aliyerithiwa kama sufuria, na binti yake wa rika langu. Yule binti akawa shoga yangu siku hiyo hiyo.

Mwaka wa pili bibi akawa anamuoza mjukuu wake. Asubuhi moja mama wa bwana harusi alikuja na jamaa zake kunywa kahawa, na bibi, kwa raha zake, akatangaza kuwa bibi harusi atakwenda Nizwa, mji wa mbali wa mumewe, na shoga yangu, awe mtumishi wake huko huko. Loh!

Mama yake shoga yangu alikuwa kasimama na dele la kahawa, akiwamiminia wageni. Hakulia. Alijimiminia kikombe, akaketi mkekani katikati yao, akakiweka chini mbele yake, asikiguse.

Hamjui maana yake nyie! Huku mgeni mwenye haja huweka kikombe chini, hanywi mpaka akubaliwe, na mwenye nyumba akikataa, aibu ni yake. Lakini mgeni, si mjakazi!

"Una wazimu?" bibi akafoka. "Nimekunyima nini? Huli? Huvai?"

"Kuku naye hulishwa, bibi. Mgeni akija, huchinjwa. Mwanangu hendi."

Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo. Kisha mama wa bwana harusi, ambaye zawadi ile ilikuwa inakwenda kwake, akaweka kikombe chake chini. Wa pembeni yake naye akaweka. Na wa tatu, na wa nne, mkeka mzima! Mimi sina kikombe, nikaweka tende yangu.

Bibi akavitazama vikombe, uso umemwiva.

"Kunywa," akasema. "Hendi."

Mama yake shoga yangu akanywa kahawa iliyokwisha poa, akakitikisa kikombe kama afanyavyo mgeni aliyetosheka, akanyoosha mkono kukirudisha. Hapakuwa na wa kukipokea, maana siku zote mpokeaji alikuwa yeye. Mkono ukabaki pale pale, nasi sote tunamtazama bibi.

Bibi akainuka, akakipokea.