Mtihani Ulibadilika Tumeshagawana Mada

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu. Umeniambia mtihani wa wataalamu wa majengo ya kijani, haya yasiyopoteza maji wala umeme, umebadilishwa tena, na chakula hakishuki. Kaa hapa kwanza.

Enzi zetu tulikuwa watatu hapa Kiseke: mimi, Kabula na Elias. Bila kufaulu mtihani ule, hakuna ambaye angeruhusiwa kusimamia kazi kwa jina lake mwenyewe. Tukagawana mada, kama tulivyozoea tangu shule: Kabula maji, Elias umeme, mimi joto na hewa. Kila mtu akariri yake, halafu awamegee wenzake siku za mwisho. Mara ikaja taarifa kwamba maswali ya kuchagua jibu yamefutwa. Utapewa jengo moja, ueleze ungelitengenezaje lote. Elias alitoa machozi, nakwambia.

Tukaenda kwa Mzee Masalu, mkuu wetu kazini, atuombee tarehe isogezwe mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yaani nyumba huwa inapata joto leo, maji ikayangoja kesho?" akatuuliza. "Jumamosi njooni kwangu. Jikoni kwa mke wangu hakukaliki."

Kweli hakukaliki. Bati lilikuwa linawaka. Nikasema tupanue dirisha la upande wa ziwani. Kabula akaruka, mvua nayo si inapigia huko huko! Elias akataka feni, mama mwenye nyumba akamuuliza, "Na umeme ukikatika, baba?" Tukabishana, tukachora sakafuni kwa mkaa, mama akitugombeza huku anacheka, mpaka samaki wake, sato, wakaungua. Hadi jioni dirisha letu la mkaa lilikuwa na kipaa cha kulikinga na mvua, maji ya paani yana tangi, nami nimezielewa mada za wenzangu bila kukariri. Nilifurahi kupita kiasi.

Mimi na Kabula tulifaulu. Elias alirudia, akatupita wote kwa alama, na mpaka leo anatutambia.

Kwa hiyo usiununie mtihani, mwanangu. Achana na kukariri maswali ya miaka iliyopita. Chagua nyumba moja, kaa ndani yake jua la mchana, waulize wenyewe wanateseka na nini. Soma na wenzako, ila kila mmoja asome yote, na mbishane bila kuogopana.

Mungu akufungue akili, akupe marafiki wabishi, na siku ya matokeo nikusikie ukipiga vigelegele tangu getini.